Nani Aliyeleta Joto Kagongwa?

Msomaji wa visiwani ambaye safari zake za Bara ziliishia Dodoma huenda hajapata kulisikia jina la Kagongwa. Ni mji mdogo wa njia kuu, ndani ya Manispaa ya Kahama, mkoa wa Shinyanga. Magari yatokayo Isaka kwenda Kahama, na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi, huupita kwa dakika chache tu. Umaarufu wake ni mchele. Mpunga wa majaruba ya vijijini huletwa hapo kwa magunia, hukobolewa katika mashine zilizojipanga kando ya barabara, kisha mchele hupakiwa kwenda kwingine. Upande wa kaskazini kuna dhahabu: Bulyanhulu, na mbele zaidi Geita. Karibu na mji wa Kahama kuna mgodi wa Buzwagi, uliofungwa mwaka 2021 na kuwaachia wenyeji shimo kubwa.

Nilikaa hapo siku tisa, nyumbani kwa shemeji yangu anayefanya biashara ya mchele. Shughuli iliyonipeleka ilikuwa ya kifamilia, wala haina haja ya kuelezwa hapa. Lakini nilikwenda na swali langu mfukoni. Kwetu visiwani, barazani baada ya alasiri, swali hilo limekwisha kuwa la kila siku: hili joto la dunia tunaloambiwa, limekwisha fika, au bado liko njiani? Akina mama wakulima wa mwani husema limefika, kwa kuwa ile aina nene iliyokuwa ikiwapa fedha nzuri zaidi hufa katika maji ya moto ya ufukweni, nao hulazimika kuifuata kwenye kina wasikokuwa na mazoea nacho. Wavuvi hutaja matumbawe yaliyogeuka meupe mwaka 1998. Wapo pia wazee wanaosema kaskazi ni ile ile na kusi ni ile ile, ila binadamu wa leo ni mwepesi wa kulalamika. Nilitaka kujua swali hilo hujibiwaje na watu ambao bahari hawaioni.

Nilikuwa na sababu ya pili, na hiyo ni vyema niikiri mapema. Yapata miaka ishirini iliyopita nililetewa kazi ya kufasiri kijitabu cha wakulima juu ya mabadiliko ya tabianchi. Waliokiandika walikuwa na kurasa tisa, na fedha za kuchapa kurasa nane. Nikaulizwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekisoma kwa makini, ukurasa upi ungeweza kuachwa. Nikauchagua ule uliokuwa na viwanda, magari na mitambo ya makaa ya mawe ya nchi za mbali, kwa hoja kwamba mkulima wa Bara hana analoweza kulifanya juu ya viwanda vya watu. Tukabakiza shoka, kisiki na mche. Wakati ule nilijiona nimefanya kazi ya busara.

Uwanja wa mashine ya kukobolea ni mahali pazuri pa kusikiliza watu. Mwenye mpunga hana pa kwenda mpaka zamu yake ifike, na vumbi la pumba likishamkaa kooni hana budi kutafuta kivuli, maji na maneno. Asubuhi ya pili nilimwamkia mzee mmoja anayesimamia mizani. Alizaliwa, alivyoniambia, mwaka wa mvua kubwa ya Uhuru, yaani 1961. Nilipolitoa swali langu alicheka mpaka akaishika mizani.

"Mgeni wetu, unauliza kama limefika? Limefika, limelala, limeamka, na chai limekwisha kunywa."

Ushahidi wake ulikuwa blanketi. Ujanani mwake, usiku wa mwezi Juni na Julai, watu wa Kagongwa walilala na blanketi na moto ndani. Leo, alisema, shuka moja humtosha, na wajukuu wake shuka lenyewe hulitupa chini. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta chenga alileta ushahidi wa aina nyingine, na kwa maoni yangu ulikuwa mzito zaidi. Mvua za huko huanza Oktoba au Novemba na kumalizika Mei, na katikati, Januari au Februari, hutulia. Zamani, alisema mama huyu, utulivu huo ulikuwa rehema. Mtu alipalilia, akapumua. Siku hizi haujulikani utaisha lini. Mpunga ulio jarubani hauna subira hiyo. Udongo wa mbuga ukikauka hupasuka nyufa za kuingia kiganja cha mkono, na mizizi hukatika humo humo ardhini.

Kijana wa bodaboda hakukubaliana nao. Kwake joto ni bati na lami. Nyumba za nyasi zimekwisha, barabara nyeusi imepita katikati ya mji, na miembe imekatwa ili vibanda vya biashara vipate nafasi. Basi mtu atarajie baridi itoke wapi? Nilimpa haki yake, kwani kwa sehemu anasema kweli. Aliyekuwa mgumu kuliko wote ni mwalimu mstaafu, mtu wa daftari, ambaye alinihesabia miaka ya njaa na ya gharika kama anayeita majina ya wanafunzi: ukame wa 1949, gharika ya 1961, ukame wa 1974 na wa 1984, mvua za El Niño za 1997, ukame wa 2006 ulioiacha nchi nzima gizani kwa kukosa umeme wa maji. "Kabla hujaniuliza kama limefika," alisema, "nionyeshe mwaka ambao hatukuwa na mashaka." Nikamjibu kwamba huo ni uhodari wa kuhesabu, lakini hata mgonjwa wa miaka mingi anaweza kupata maradhi mapya. Akaandika maneno yangu daftarini. Sijui aliyaandika kwa kuyakubali au kwa kuyaweka akiba ya kunishinda siku nyingine.

Basi nikawakuta wamegawanyika, kama tulivyogawanyika sisi. Lakini kila nilipoendelea na swali la pili, yaani nani aliyelileta, mgawanyiko ulikwisha. Mzee wa mizani, mama wa chenga, kijana wa bodaboda, wote walinijibu neno moja: sisi. Tumekata miti, tumechoma mkaa, tumefuga ng'ombe wengi, tumelima hadi kwenye vijito. Hata mwalimu, ambaye hakukubali kwamba joto limefika, alikuwa tayari kukubali kwamba kama limefika, basi wa kulaumiwa ni watu wa Shinyanga. Waliomtaja Mwenyezi Mungu walimtaja kama mwenye kuadhibu, na kosa lililoadhibiwa lilikuwa lile lile, shoka.

Neno tabianchi nalo lilikuwa na mkono wake. Sisi wafasiri tuliliona ni neno safi, lililoundwa kwa vipande vya Kiswahili vitupu, na tukalitetea mbele ya waliotaka kuendelea na "hali ya hewa". Hatukukumbuka kwamba masikio ya watu husikia kwanza "tabia", na tabia, kwa Mswahili yeyote, ni mwenendo wa mtu. Mzee wa mizani alinifafanulia bila kuulizwa: tabianchi ni tabia za wenye nchi, zikiharibika, nchi nayo huharibika. Nilipomsikia nikainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Mwaka 2010 BBC World Service Trust walichapisha utafiti uliofanywa katika nchi kumi za Afrika, Tanzania ikiwamo, juu ya yale ambayo watu wa kawaida huyasema kuhusu mabadiliko haya. Walikuta kwamba watu wanayaona mabadiliko kwa macho yao wenyewe, lakini aghalabu hawayahusishi na moshi wa nchi tajiri. Wengi hujilaumu kwa kukata miti, au husema ni mapenzi ya Mungu. Kwa hivyo Kagongwa haina upekee hapa. Lakini lawama hii ina umri, na katika Usukuma na Unyamwezi umri wake unaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Kwanza haikuwa ya mkulima. Katika tawala za zamani za Usukuma na Unyamwezi, mvua ilikuwa dhima ya mtemi. Afya ya mtemi, miko yake na matambiko yake vilifungamana na mawingu. Na mvua ilipokataa kwa muda mrefu, watu walimgeukia yeye, na aliweza kuondolewa kitini. Hans Cory, mtafiti wa mila katika serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1951 kitabu kizima juu ya mtemi wa Kisukuma na desturi za kiti chake. Mimi siamini kwamba mtemi aliweza kuizuia mvua wala kuileta. Lakini kuna jambo la haki katika itikadi ile ambalo sikulitambua mpaka nilipokaa Kagongwa: ukame ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ni yule mwenye nguvu kuliko wote.

Speke alipopita Msalala mwaka 1858, akielekea kwenye ziwa atakaloliita kwa jina la malkia wake, alikuta nchi yenye watu wengi, mashamba na mifugo. Njia aliyoifuata ilikuwa ni ya misafara ya watu wetu wa Pwani. (Na mpunga wenyewe, unaowalisha watu wa Kagongwa leo, ulipanda kutoka Pwani hadi Unyanyembe pamoja na misafara hiyo, hilo ni deni moja ambalo kwa nadra sisi ndio tunaodai.) Miaka thelathini na kitu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliingia na kufyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki karibu wote. Ng'ombe walipokwisha, vichaka vilirudi mahali palipokuwa malisho. Na pamoja na vichaka alirudi mbung'o.

Hapo ndipo serikali ya Kiingereza ilipoamuru shoka. Charles Swynnerton, mtaalamu wa viumbe, aliifanya Shinyanga uwanja wa majaribio ya vita dhidi ya mbung'o tangu miaka ya 1920, na mwaka 1929 akawa mkurugenzi wa idara ya utafiti wake, makao yakiwa pale pale Shinyanga. Kwa msaada wa watemi, Makwaia wa Usiha akiwa mmoja wao, maelfu ya watu waliitwa wakati wa kiangazi kufyeka pori kwa maili na maili. Kazi ilifaulu. Ng'ombe walirudi, watu wakajenga, na ardhi iliyofyekwa ikalimwa pamba. Swynnerton mwenyewe alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mwaka huo naomba msomaji auweke akilini, tutaurudia.

Halafu serikali ile ile iliyosifu shoka ikaona vumbi, na ikauliza nani amelileta. Jibu lilikuwa: Msukuma na ng'ombe wake. Mwaka 1947 ulianzishwa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya, na pamoja nao msururu wa amri: lima kwa matuta, weka samadi, panda mihogo ya akiba, punguza mifugo. Asiyetii alitozwa faini. Baadhi ya amri zilikuwa na maana ya kilimo, sikatai. Lakini zilikuja pamoja na himiza-himiza ya kupanua pamba, kana kwamba mtu anaweza kuambiwa alime zaidi na afyeke pungufu katika pumzi moja. Watu walichoka. Mwaka 1958 wananchi wa Geita waliandamana, amri za kilimo zikiwa miongoni mwa malalamiko yao, na baada ya hapo amri nyingi zilikufa kimya kimya. Hasira ikapoa, maneno yakabaki. Kizazi kizima kilikuwa kimefundishwa, kwa faini, kwamba nchi ikikauka mwenye kosa ni mwenye jembe.

Mwaka 1963, nchi ikiwa imejitawala, mamlaka ya watemi yalifutwa kwa sheria. Sasa hapakubaki hata kiti cha kukitazama mvua inapokawia. Mwaka 1974 watu wa Shinyanga walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, mbali na maboma yao ya zamani. Karibu na maboma hayo walikuwa na ngitili: vipande vya malisho vilivyofungwa wakati wa masika ili majani na miti vikue, vikafunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu. Ngitili nyingi zilikosa mwenyewe zikapotea, na miti iliyokuwa karibu na vijiji vipya ilikwenda jikoni.

Husimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere alipozuru Shinyanga mwaka 1984 alishtushwa na alichokiona. Mkoa huo ukazoeleka kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ilianzishwa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni maofisa walihimiza miche ya vitaluni. Baadaye waligundua, na hili ndilo la kuwasifia, kwamba wenyeji walikuwa na dawa yao tangu zamani: ngitili. Mwaka 1986 eneo la ngitili lililojulikana lilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya kimataifa ya Equator, inayosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Hii ni miongoni mwa khabari njema kubwa za ardhi ya Afrika, na ni aibu kwamba mtoto wa skuli visiwani huijua Sahara akaijua na Amazon, wala hajui kuwa Shinyanga kulikuwa na jangwa lililorudishwa nyuma na wafugaji.

Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba nawaona watu wa Kagongwa wajinga. Waliyoyasema kuhusu miti ni kweli, na wameyathibitisha kwa mikono yao. Mti ukirudi, kivuli hurudi, kuni hurudi, malisho hurudi, chemchemi huchelewa kukauka. Kosa limo katika kipimo. Somo la bonde moja limetumiwa kujibu swali la dunia nzima, na tulioandika vijitabu ndio tuliolinyoosha somo hilo mpaka likafika lisikofika.

Niliomba mwaka 1938 ukumbukwe. Mwaka ule ule Swynnerton alioanguka na ndege yake, mhandisi mmoja wa Kiingereza, Guy Callendar, alisoma makala mbele ya wanachuoni wa hali ya hewa jijini London. Kazi yake ilikuwa mitambo ya mvuke. Hewa aliisoma nyumbani, kwa mapenzi yake, akikusanya vipimo vya joto vya vituo mbalimbali duniani na kuvipigia hesabu kwa mkono. Aliwaambia mabwana wale kwamba dunia ilikuwa imeshapata joto katika nusu karne iliyotangulia, na kwamba sehemu ya sababu ni hewa ukaa itokayo katika makaa ya mawe yanayochomwa viwandani. Msweden Svante Arrhenius alikuwa ameshaonyesha mwaka 1896 kwamba jambo hilo linawezekana. Callendar alisema limekwisha fika. Walimsikiliza kwa adabu, wasimwamini. (Naye, maskini, alidhani joto hilo litakuwa na manufaa.) Mimi niliyejifunza kazi yangu kwa kuazima vitabu, nikiri kwamba nampenda mtu huyu.

Ilichukua miaka hamsini ndipo James Hansen alipoliambia Baraza la Seneti la Marekani, mwezi Juni 1988, kwamba ongezeko la joto limekwisha anza kuonekana. Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2007 kwamba kupanda kwa joto hakuna shaka, na mwaka 2021 kwamba hakuna shaka vilevile kuwa binadamu ndiye aliyelipandisha. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa wastani wa joto la dunia kuvuka nyuzi 1.5 juu ya ule wa nusu ya pili ya karne ya 19. Kwa maneno mengine, mzee wa mizani na blanketi lake hakuwaacha wataalamu mbele sana, wala hakuachwa.

Ni binadamu gani? Hapo ndipo ukurasa wa tisa unapohusika. Mtanzania mmoja, kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe anayotumia, hutoa kwa wastani chini ya theluthi moja ya tani ya hewa ukaa kwa mwaka. Mmarekani hutoa karibu tani 14. Mkazi wa Oman, walikohamia jamaa zetu wengi, hutoa zaidi ya tani 10. Misitu inayochomwa Bara nayo hutoa moshi wake, na kuificha khabari hiyo kungekuwa kurudia kosa langu kwa upande wa pili. Lakini hewa iliyokwisha kusanyika juu yetu tangu siku za Arrhenius haikutoka katika tanuri za mkaa za Kahama.

Yote haya nilidhani nimeshayapanga vizuri kichwani, mpaka nilipopelekwa Mwakata.

Mwakata ni kijiji cha jirani, katika halmashauri ya Msalala. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015 ilinyesha mvua ya mawe na upepo ambayo wenyeji hawakuwa wamepata kuiona mfano wake. Mabati yaliruka, kuta za matofali ya udongo zililowa zikawaangukia waliolala. Watu zaidi ya 40 walikufa. Mpunga na mahindi yalilala chini, mifugo ikafa. Shemeji yangu alikuwa miongoni mwa waliokwenda alfajiri kusaidia. Hakunisimulia mengi. Alisema tu kwamba mawe yale yalikuwa bado hayajayeyuka jua lilipotoka, na kwamba watoto wadogo walikuwa wakiyaokota.

Mtu mmoja pale Mwakata, aliyefiwa, aliniuliza moja kwa moja: "Wewe unayeandika vitabu, lile lilikuwa ndilo hilo joto lenu?" Ningeweza kumwambia ndiyo, na hoja yangu yote ingepata nguvu. Lakini mvua moja ya mawe, hata iwe ya kuua vipi, haithibitishi ongezeko la joto la dunia. Na kuhusu mvua za Afrika Mashariki kwa jumla wataalamu wenyewe bado wanavutana, kwani masika yalipungua kuanzia miaka ya 1980 ilhali hesabu za kompyuta zinatabiri yaongezeke. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita mbili baada ya mvua za 1961, likashuka, na mwezi Mei 2020 likaivuka kidogo rekodi ile ya 1964, likaivuka tena mwaka 2024. Maji haya yanasema kitu, lakini hayasemi kwa ufasaha wa kipimajoto. Nikamjibu yule mtu kwamba siwezi kusema ndiyo, na siwezi kusema hapana. Akanitazama kwa muda. "Basi," alisema, "sisi tuliambiwa ni kwa sababu ya miti."

Aliyemwambia hakumkumbuka. Pengine mhubiri, pengine ofisa, pengine karatasi. Miaka tisa ya msiba, na mtu amekaa na fikra kwamba shoka lake limewaua watu wake! Hapo nililiona jambo lenyewe bila pambo. Lawama iliyokuwa juu ya kiti cha mtemi iliteremshwa mpaka shambani, ikakaa huko muda mrefu mpaka walioibeba wakaiona ni yao.

Jioni ya mwisho niliusimulia ukurasa wa tisa pale kwenye mashine. Niliwaeleza makaa ya mawe, viwanda, tani 14 na theluthi ya tani. Nikawatajia pia bomba la mafuta ghafi, la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, ambalo njia yake inapita katika nchi hiyo hiyo ya Kahama. Kiwanda cha kuyapaka mabomba yake kilizinduliwa mwaka 2024 kijijini Sojo, wilaya ya Nzega, si mbali na hapo. Mafuta yale ni mazito, lazima yapashwe moto wa nyuzi kama 50 njia nzima ndipo yatiririke. Na yanapofika baharini, ng'ambo ya mkondo ni Pemba. Kwa hiyo sisi na watu wa Kagongwa tuko kwenye ncha na katikati ya kamba moja.

Sikupata makofi. Kijana wa bodaboda alisema Sojo ilimpa abiria kwa miezi mingi, na kwamba mtu asiye na mafuta asimwambie yeye juu ya moshi. Mama wa chenga aliuliza kama hao wa tani 14 wana desturi ya kulipa wanapoharibu. Nikamwambia mazungumzo juu ya hilo yana miaka mingi. Akasema mazungumzo anayajua. Mwalimu alitaka takwimu zangu aziandike, na nikamwandikia mwenyewe daftarini, kwa hati ya kusomeka.

Mzee wa mizani ndiye aliyenisumbua. Alikataa. Alisema akikubali kwamba joto limeletwa na watu wa mbali, vijana watakata hata ile miti iliyorudi, kwa kuwa watasema si kosa letu. "Uniache na lawama yangu," alisema. "Ina faida."

Nimekwisha ufasiri upya ukurasa ule na kuutuma kwa shemeji, naye aliubandika ukutani kwenye chumba cha mizani. Ananiambia mzee hakuubandua. Ameupachika pembeni yake, kwa gundi ya unga, picha ya zamani ya mche.